Mguu wa Dereva wa Tingatinga

Tuelewane mapema: nchi hii si yenu. Ipo mbali, ng'ambo ya ng'ambo, na kama kuna mtu atasoma humu akashtuka, "Ala, mbona huyu waziri namjua!", basi hayo ni yake yeye na daktari wake wa macho. Nchi inaitwa Shwarini. Jina hilo lilipatikana kwa njia ya kidemokrasia kabisa. Tume ilizunguka kuwauliza wananchi hali zao, na wananchi, wakiwatupia jicho askari walioongozana na tume, wakajibu wote kwa sauti moja kwamba hali ni shwari. Mwenyekiti wa tume akaandika jina, akala chakula cha mchana, nchi ikaendelea.

Huko Shwarini, nyuma ya machinjio ya manispaa, kulikuwa na uwanja wa raga. Tuuite uwanja kwa heshima ya waliouchezea. Nyasi zake zilikuwa zile zilizosazwa na ng'ombe waliosubiri zamu yao ya kuchinjwa, mistari ilichorwa kwa majivu, na magoli yalikuwa nguzo za umeme ambazo umeme wenyewe haukuwahi kuzifikia. Juu ya nguzo walikaa makorongo wenye vipara, wanakodolea mazoezi macho kama madiwani wanaongoja posho. Hapo ndipo Kocha Sikitu alipowafundisha raga watoto wa mtaa wa Machinjioni, wavulana kwa wasichana.

Kocha Sikitu alikuwa mwalimu wa jiografia, mama wa makamo, magoti yake mabovu, chupa yake ya chai haimwachi. Alikuwa amechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka umeisha. Huu ulikuwa umeshahamia ndani na kutandika mkeka. Ulimwanza siku alipokwenda manispaa kuomba mipira, akaambiwa arudi Jumatatu, na hakuambiwa Jumatatu ipi. Amekuwa akienda kila Jumatatu tangu hapo. Mabawabu wamebadilika, wengine wamestaafu, lakini yeye bado wanamwambia, "Mwalimu, uvumilivu tu."

Basi aliwafundisha kwa mpira mmoja ulioshonwa na fundi viatu, na aliwafundisha kwa ukali. Uwanjani kwake refa hasemezwi. Anayeruhusiwa kufungua mdomo mbele ya refa ni nahodha peke yake, naye hata kama kaonewa mchana kweupe atasema, "Asante, refa," kisha anarudi kucheza. Mechi ikiisha, walioshindwa wanapanga mistari miwili na kuwapigia makofi washindi wanapopita katikati, halafu walioshinda nao wanageuka wanapanga mistari yao, wanawapigia makofi walioshindwa. Hiyo aliita njia ya makofi, na mtoto aliyepiga kwa uvivu alirudishwa apige upya.

Lakini kosa alilolichukia kuliko yote lilikuwa moja. Mtu kujifanya ameumia. "Ukiumia, umeumia, nitakubeba mwenyewe mgongoni," aliwaambia. "Ila ukijiangusha ukajigaragaza na huna kitu, utanijua." Na kweli walimjua. Aliyebainika alibandikwa mpira kichwani, akauzunguka uwanja mzima, kila hatua anapiga kelele, "Mimi mzima! Mimi mzima!", mpaka wachinjaji wanatoka na visu vyao mkononi kuja kucheka. Hakuna mtoto aliyerudia mara ya pili.

*

Sasa, mkuu wa nchi hiyo, Mtukufu Mlezi wa Taifa, aliugua jino. Shwarini kuna hospitali nzuri sana, na kwa kuwa ni nzuri, viongozi hawapendi kuzichakaza. Akapelekwa ng'ambo. Akiwa amelala kwenye kiti, mdomo wazi, mikono ya daktari imo ndani, akaiona televisheni ukutani. Wanaume wenye shingo nene walikuwa wanapondana. Wanakanyagana, wanatoka damu puani, wanaburutwa kwenye matope. Kisha kipenga kikapulizwa, na wale waliopigwa vibaya zaidi wakajipanga mistari miwili na kuwapigia makofi waliowapiga.

Mtukufu akalia. Daktari alidhani ni jino.

"Wamekanyagwa," alisema mdomo ulipokuwa huru, "wameumizwa, wamenyang'anywa ushindi, na wanapiga makofi! Watu wa namna hii wanapatikana wapi?"

"Ni mchezo tu, Mtukufu. Unaitwa raga. Wanaanza wakiwa watoto."

Alirudi nyumbani na jino jipya na sera mpya. Ndani ya muda mfupi Shwarini ikawa na Wizara ya Vijana, Uungwana na Mengineyo, chini ya Mheshimiwa Profesa Kondo Mwinyigogo, mtu aliyewahi kuongoza wizara karibu zote na kuziacha zote zikiwa na mapazia mapya. Mheshimiwa alianza na semina. Semina ilifanyika ufukweni, kwa sababu raga ina mambo ya kukimbia na ufukwe una nafasi. Baada ya semina wakaagiza mipira. Mipira ikafika, kamati ya mapokezi ikaifungua, ikaiona ina ncha mbili kama mayai, ikatoa ripoti kwamba mzigo wote umebonyea njiani. Ikarudishwa kwa aliyeituma, pamoja na onyo kali. Aliyeituma aliona yaishe, akaleta ya duara, nayo ikapitishwa bila kipingamizi.

Halafu ikaja Sheria ya Njia ya Makofi kwa Wote. Bei ya unga ikipanda, wananchi wa kata husika wanajipanga mistari miwili nje ya duka na kumpigia makofi afisa biashara anapopita. Umeme ukikatwa, makofi kwa gari la shirika la umeme. Barabara ikiachwa nusu, makofi kwa mkandarasi. "Anayeshindwa akanuna, huyo ameshindwa," Mheshimiwa alieleza redioni. "Anayeshindwa akapiga makofi, huyo ameendelezwa." Ile nusu ya pili ya desturi, ya mshindi kugeuka na kumpigia makofi aliyeshindwa, haikuingia kwenye sheria. Wenye kujua walisema karatasi ziliisha.

Kocha Sikitu aliyasikia hayo redioni akiwa anasahihisha madaftari. Akazima redio, akamimina chai, ikawa imepoa. Akainywa hivyo hivyo.

*

Siku Mheshimiwa Waziri alipokuja Machinjioni, alikuja na msafara mrefu hivi kwamba gari la mwisho lilipofika, la kwanza lilikuwa limeshaanza kugeuza. Watoto walikuwa mazoezini. Akasimama pembeni mwa mstari wa majivu na kitambaa puani, akatazama kwa muda, akageuka kwa Kocha Sikitu na uso wa mtu aliyefiwa.

"Mwalimu, mbona wanapeana mpira kwa kuurudisha nyuma?"

"Ndiyo raga, Mheshimiwa. Mpira unatupwa nyuma, mwenye mpira anakwenda mbele."

"Hilo tutalitazama. Taifa linasonga mbele, haiwezekani watoto watupe nyuma. Lakini si hilo lililonileta." Akapanua mikono. "Mwalimu, utafiti umefanyika nchi nzima. Imegundulika kwamba mahali pekee ambapo raga ya vijana inaendelezwa kwa dhati ni hapa, uwanja huu. Hongera sana!"

"Asante, Mheshimiwa."

"Kwa hiyo tumeamua kujenga Makao Makuu ya Taifa ya Kuendeleza Raga ya Vijana hapa hapa. Ghorofa kwa ghorofa. Lifti mbili."

Kocha Sikitu akageukia zizi. Alidhani hajasikia vizuri. Ng'ombe walikuwa wanalia.

"Hapa pembeni, Mheshimiwa?"

"Hapa katikati. Pembeni itakuwa maegesho."

"Na watoto watacheza wapi?"

Waziri akamtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgeni asiyejua mila. "Mwalimu, nani amesema watacheza? Tunawaendeleza."

Kisha akamshika bega na kumvuta kando, karibu na zizi. Siku ya uzinduzi, alisema, atakuja mgeni mkubwa kutoka ng'ambo, mzee wa shirikisho la raga, mwenye msaada mkononi. Tingatinga litakuwepo, limefungwa utepe. Watoto wa Machinjioni watapanga njia ya makofi, Waziri atapita, tingatinga litapita nyuma yake, na kazi itaanza. Mwalimu atateuliwa Mlezi Mkuu wa Uungwana wa Taifa, mwenye kiti cha kuzunguka na ofisi ghorofa ya tatu. "Na kama watoto hawatapiga makofi," aliongeza kwa upole sana, "kuna shule moja kule mpakani ina uhaba wa walimu wa jiografia. Haina wanafunzi pia, lakini hilo tunalifanyia kazi."

Akaondoka. Wapita njia, kwa mazoea, wakasimama pande mbili za barabara na kuupigia makofi msafara.

*

Kocha Sikitu aliwaita watoto, wakaketi chini kwenye ile nusu ya uwanja yenye nyasi, akawaambia kila kitu bila kuzunguka. Walimsikiliza. Kelele zilizosikika ni za makorongo wakigombea utumbo.

Nahodha wao alikuwa binti wa muuza supu ya makongoro, jina lake Chiku, mwembamba kama ufagio wa chelewa lakini akikukamata kiuno unakwenda chini na babu zako. Akainua mkono, maana hata kwa kocha walikuwa na adabu.

"Kocha, wewe ulisema refa akituonea tuseme asante."

"Nilisema."

"Na refa akiwa ndiye huyo huyo tunayecheza naye? Na mpira wake, na uwanja anauchukua yeye? Hapo pia tunasema asante?"

Kocha Sikitu alikigeuza kipenga chake mkononi. Moyo ulimuuma, tena ulimuuma kweli. Miaka yote aliamini anawafundisha watoto wasimame wima wakishindwa, wampe mwenzao mkono, wamheshimu anayehukumu. Sasa watu wa Wizara wamekuja, wameyachukua yale yale, wameyavisha suti, na yamekuwa somo la kuinama. Alijiona kama mtu aliyefuga kuku kwa upendo akaja kugundua jirani ni mwenye hoteli.

"Chiku, mwanangu," alisema mwishowe, "utasema asante. Lakini utamtazama machoni."

"Basi tu?"

"Kwa leo ndiyo ninayoyajua. Inukeni, mkimbie, jua linazama."

*

Siku ya uzinduzi ikafika, na matarumbeta na maturubai. Tingatinga liliegeshwa nyuma ya goli, jipya, la manjano, limefungwa utepe kama zawadi ya harusi. Juu yake alikaa dereva, Magesa, mtu mnene mpole aliyekodishwa na Wizara pamoja na mashine, anakula karanga.

Mgeni alikuwa mzee mrefu, pua imepinda, sikio moja limesokoteka kwa kupondwa ujanani. Alisikiliza hotuba ya Waziri iliyotaja maendeleo mara nyingi kuliko mtoto anavyomtaja mama yake. Alisikiliza kwamba mpango umeshaunda timu mia kadhaa kila pembe ya nchi. Akafurahi sana, akasema jambo, na mkalimani akageuka rangi.

"Mheshimiwa, mgeni anasema anashukuru, na sasa angependa kuona mechi. Timu hii ya watoto na yoyote katika hizo mia kadhaa."

Makatibu wakatazamana. Timu zilikuwepo, hakuna aliyebisha, lakini zilikuwepo kwenye kabati la faili. Waziri, ambaye hakufika alipofika kwa kuduwaa, akapiga makofi ya amri.

"Timu ya Mkoa wa Kaskazini! Jitokezeni!"

Hakujitokeza mtu, kwa hiyo wakajitokeza waliosukumwa: madereva wa msafara, walinzi wenye miwani myeusi, mpiga tarumbeta, katibu mmoja aliyevua koti na kulikunja vizuri, na kwa kuwa bado walipungua, wakamteremsha Magesa kwenye tingatinga, mfukoni mna karanga bado. "Mimi sijui huu mchezo," alisema. "Hakuna anayeujua," walimjibu. "Simama hapo."

Ndipo Kocha Sikitu akasogea. Alisema kwa sauti ya darasani, tena karibu na mkalimani. "Mheshimiwa, mechi ya bure haina ladha. Watoto wakishinda, uwanja ubaki. Wakishindwa, watawapigia makofi kwa mikono miwili."

Mkalimani akatafsiri kabla hajakatazwa. Mgeni akacheka kwa furaha, akampa Kocha mkono. Waziri naye akacheka, meno yote nje, ndani yake akipiga mahesabu, kisha akaunyosha mkono kuelekea kipenga kilichoning'inia shingoni mwa Kocha Sikitu.

"Hakuna neno. Mimi nitakuwa refa. Pia ni nahodha wa Kaskazini."

Chiku akamtazama kocha wake. Kocha Sikitu akavua kipenga, akakitoa.

Basi pakachezwa. Watoto wa Machinjioni walikuwa wanacheza raga, na Mkoa wa Kaskazini ulikuwa unacheza kitu kingine ambacho hata wao hawakukijua, nusu mweleka nusu kukimbizana na kuku. Chiku alipita katikati ya walinzi wawili wakagongana vichwa, akaubandika mpira chini nyuma ya mstari, pointi halali kabisa. Waziri akapuliza kipenga. "Haikubaliki! Haikuwemo kwenye bajeti ya mwaka huu."

"Asante, refa," alisema Chiku, akarudi.

Wakafunga tena. Ikakataliwa kwa sababu mfungaji hakuwa na kitambulisho. Wakafunga tena. Ikapelekwa kwenye kamati ndogo. Wale wa Kaskazini wao waliutupa mpira mbele, kosa ambalo hata mtoto wa chekechea wa raga analijua, na Waziri akawapongeza kwa kusonga mbele na taifa. Kila mara Chiku alisimama mbele yake, jasho linamtiririka, akamtazama machoni, akasema, "Asante, refa." Mara ya kwanza Waziri alitabasamu. Baadaye akaanza kutazama saa yake. Baadaye tena akawa anapuliza kipenga huku amegeukia machinjio.

Na jambo moja la ajabu likatokea upande wa Kaskazini. Wale watu walianza kupenda. Mpiga tarumbeta aligundua ana mbio. Walinzi wakavua miwani, ikaonekana wana macho ya kawaida tu, kama ya watu. Magesa alipewa mpira kwa bahati mbaya, akaukumbatia, akashika njia na tumbo lake mbele, umati wa wachinjaji ukalipuka, "Twende, mnene! Twende!" Alikuwa amebakiza kidogo afike, Chiku akamjia chini, akamkamata miguu, safi kama kitabuni. Magesa alianguka kama gunia la viazi. Chiku akamnyooshea mkono amwinue.

"Pole, mjomba. Umeumia?"

"Kifundo kimeteguka kidogo," alisema Magesa, anahema, anacheka, nyasi mdomoni. "Yaani, mwanangu, sijaangushwa hivi tangu niko mtoto!" Akainuka, akachechemea hatua mbili tatu, akaendelea kucheza.

Mwishoni Waziri aliwapa Kaskazini adhabu ya bure, akaupiga mpira yeye mwenyewe, ukapita pembeni ya nguzo, akahesabu kuwa umeingia. Kipenga. Machinjioni wameshindwa. Redio ya taifa iliongeza pointi nyingine kwa ajili ya kuipa habari uzito.

Watoto wengine walilia. Kocha Sikitu hakulia, alikuwa amechoka mno kulia. Alitikisa kichwa tu, nao wakaelewa. Wakapanga mistari miwili, wakawapigia makofi madereva na walinzi na mpiga tarumbeta, tena makofi ya kweli, maana hao walikuwa wamecheza kwa jasho lao na hawakuwa na kosa. Waziri alipita wa mwisho, kifua mbele, na mwisho wa njia Chiku alikuwa amesimama.

"Asante, refa."

Waziri alikuwa ameshaanza kutafuta gari lake kwa macho. Na alipogeuka akakuta madereva wake na walinzi wake, mashati yamechanika, nao wanajipanga mistari miwili. Hakuna aliyewaamuru. Walikuwa wamemwona Kocha Sikitu amesimama amewageukia, kama anasubiri kitu, wakaona aibu kuondoka hivi hivi.

"Nyie! Hiyo haimo kwenye sheria!" alifoka Waziri.

Wakapiga makofi. Watoto wa Machinjioni wakapita katikati, vichwa juu, na Magesa alipiga kwa nguvu zaidi ya wote, kasimamia mguu mmoja.

*

Kwa kuwa mechi ilikula mchana wote, tingatinga lilikuwa lianze kazi kesho yake asubuhi. Asubuhi ikafika, Magesa akakutwa amekaa kwenye tairi kuukuu kando ya uwanja, kifundo kimefungwa bandeji hadi gotini.

"Kimevimba," alimwambia msimamizi. "Pedali haikanyagiki."

Mngesema atafutwe dereva mwingine. Lakini ninyi hamjui Shwarini. Jana yake usiku redio ilikuwa imemtangaza Magesa kuwa shujaa aliyeumia akilitumikia taifa, Waziri mwenyewe ndiye aliyesoma tangazo, na shujaa wa taifa haondolewi kazini mpaka apone, hiyo ni sheria ya Waziri huyo huyo. Kuajiri dereva wa pili kulihitaji idhini ya dereva wa kwanza. Magesa alisema idhini angeitoa kwa moyo mmoja, ila kwa maumivu aliyonayo hawezi kushika kalamu.

Ikaundwa Tume ya Mguu. Tume ikakaa, ikasafiri kwenda kujifunza miguu ya nchi jirani, ikarudi na mapendekezo kwamba uchunguzi uendelee. Mvua zikaja, zikaisha. Nyasi zikaota chini ya tingatinga, korongo mmoja akajenga kiota kwenye kiti cha dereva. Watoto walicheza wakilizunguka. Walijifunza hata kulitumia kama mlinzi wa ziada. Na Jumamosi, msafara wa Wizara ukiwa umelala, Magesa alikuja na bukta, akasimama winga. Alikuwa na mbio zake za kuchekesha. Bandeji aliivaa siku za kazi, na Kocha Sikitu, ambaye alikuwa na macho, aliona kwamba wiki nyingine inakaa mguu wa kulia na wiki nyingine wa kushoto. Hakusema kitu. Ila lilimkereketa. Kila alipomwona yule mtu mzima anachechemea mbele ya wasimamizi, alitazama watoto wanavyotazama.

Mpaka siku Waziri alipokuja mwenyewe, bila matarumbeta. Mgeni wa ng'ambo alikuwa ameuliza jengo liko ghorofa ya ngapi, na Mtukufu alitaka jibu. Mheshimiwa alimtazama Magesa anavyochechemea kuelekea kwake, akamtazama tena, kisha akamgeukia Kocha Sikitu. Watoto walikuwa wamesimama nyuma yake, wameacha mazoezi.

"Mwalimu," alisema, na safari hii sauti yake nayo ilikuwa imechoka, "madaktari wangu wananidanganya, wasaidizi wangu wananidanganya, mimi mwenyewe nikiamka asubuhi najidanganya. Lakini wewe husemi uongo. Nimekusifia bungeni kwa hilo. Nasikia una adhabu ya mtu anayejifanya kaumia. Nakuuliza hapa, mbele ya watoto wako. Huyu mtu anaumia, au anajifanya?"

Magesa aliinamisha kichwa. Kocha Sikitu alimtazama, akautazama mguu, leo ilikuwa zamu ya wa kushoto. Aliutazama uwanja na majivu yake. Alimtazama Chiku, na Chiku alikuwa anamtazama machoni, kama alivyofundishwa.

Alitaka sana kusema kweli. Ndicho kitu pekee ambacho manispaa haikuweza kumnyima miaka yote ile, na alikipenda.

"Anaumia, Mheshimiwa," alisema.

"Kweli?"

"Sana. Mguu ule hauwezi kukanyaga tingatinga."

Waziri akasimama kidogo. Labda aliamini, labda alitaka kuwa na mtu wa kumwamini. Akapanda gari, akaenda kumwambia Mtukufu kwamba shujaa bado hajapona.

Anayeruhusiwa kumsemesha anayehukumu ni nahodha peke yake, kwa hiyo akasogea Chiku, mpira kwapani, na ile sauti yake ya kubwatuka leo ilikuwa ndogo.

"Kocha..."

"Najua," alisema Kocha Sikitu. "Lete hapa."

Akauchukua mpira, ule ule wa fundi viatu, akaubandika kichwani, akaushika kwa mkono mmoja, akaanza kuuzunguka uwanja. "Mimi mzima," alisema. Hatua nyingine. "Mimi mzima." Sauti haikutoka vizuri. Wachinjaji walitoka na visu vyao, wakajiandaa kucheka, wakamwona ni nani, wakanyamaza. Magesa alichungulia barabarani kwanza, akangoja vumbi la gari la Waziri litulie, kisha akaifungua bandeji, akaitwika kichwani kwa kuwa mpira ulikuwa mmoja, akafuata nyuma kwa miguu yake miwili salama. "Mimi mzima! Mimi mzima!"

Walipokunja kona kwenye tingatinga, wakaikuta njia. Watoto walikuwa wamepanga mistari miwili, kutoka kwenye nguzo hadi kwenye zizi, na walikuwa wanapiga makofi, hakuna aliyepiga kwa uvivu. Kocha Sikitu akasimama.

"Kocha!" aliita Chiku kutoka mwisho wa mstari. "Hatusikii!"

Akavuta pumzi, magoti yanamlilia, akaingia katikati yao, akasema kwa sauti iliyofika mpaka machinjioni, "Mimi mzima!" Na kwa mara ya kwanza tangu ile Jumatatu ya manispaa, ilikuwa karibu kuwa kweli.